Siku Mbili Moshi na Watoto Wadogo: Maswali Mnayoniuliza Mara kwa Mara

Naishi Moshi na nina watoto watatu. Wa mwisho ana miaka miwili na ndiyo kwanza anaachana na nepi. Kila shule zinapokaribia kufungwa simu yangu inajaa: mdogo wangu wa Dar, rafiki niliyesoma naye Tanga, jirani wa zamani aliyehamia Dodoma. Wote wanataka kuja siku mbili tatu na watoto, na wote wanauliza yale yale. Nimeyakusanya hapa. Nimeandika nikiwafikiria watoto wa chini ya miaka 8.

Siku mbili zinatosha kweli, au tusubiri tupate wiki nzima?

Zinatosha, mradi kila siku iwe na jambo moja tu. Jambo moja asubuhi, mtoto ale, alale, na jioni iwe ya kuzurura bila mpango. Ukishika hilo, mengine yote kwenye ukurasa huu ni nyongeza.

Nimelijifunza kwa wageni wangu. Shemeji yangu alikuja na watoto wawili na karatasi aliyoiandika vizuri kabisa: Jumamosi maporomoko ya Materuni, chemchemi ya Chemka na lango la Marangu la kupandia mlima, vyote siku moja. Kwenye ramani vinaonekana viko jirani. Kumbe Materuni iko juu ya mji, Chemka iko chini magharibi upande wa Boma Ng'ombe, na Marangu iko mashariki, unapita Himo ndipo unapanda. Saa 9 alasiri walikuwa bado barabarani, mdogo ametapika kwenye kiti, mkubwa anauliza kila dakika kama wamefika. Marangu waliiona kwa dirishani. Walipofika kwao nilimpigia yule mkubwa nikamuuliza alipenda nini Moshi. Akanijibu: "Mbuzi." Nyumba waliyolala ilikuwa na mbuzi amefungwa nje, akawa anampa majani ya migomba kila asubuhi. Hilo ndilo alilorudi nalo.

Moshi au Arusha?

Kwa usiku mmoja au miwili na watoto wadogo, nawashauri Moshi, na si kwa sababu naishi hapa. Mji ni mdogo: kutoka stendi hadi mnara wa saa mnatembea kwa miguu, na ukipanda bajaji unafika karibu popote kabla mtoto hajaanza kulia. Arusha ni jiji. Foleni yake na mtoto mwenye njaa ni vitu viwili visivyopatana.

Lakini Arusha ina mambo ambayo sisi hatuna, na mkienda huko kwa sababu nyingine msiyaache. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900 sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lina uwanja wa mtoto kukimbia. Makumbusho ya Azimio la Arusha yapo Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge. Kwa mtoto wa miaka mitano dakika ishirini zinatosha, ila baba na babu watataka kukaa zaidi. Upande wa Tengeru kuna Ziwa Duluti, ziwa dogo la kreta lenye njia ya miguu msituni kulizunguka, kivuli mwanzo mwisho. Na hali ya hewa ya Arusha ni baridi kuliko yetu, kwa kuwa iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko chini ya 1,000.

Msichanganye miji yote miwili ndani ya siku mbili. Ni kilomita 80 tu, lakini kwa magari, matuta na tochi za trafiki ni saa moja na nusu hadi mbili kwenda, na kurudi vilevile.

Mwezi gani ni mzuri?

Januari na Februari kuna joto na anga safi, Mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri. Machi hadi Mei ni masika, njia za vijijini zinateleza. Juni na Julai ni baridi, na kuna siku wingu halinyanyuki kabisa. Leteni masweta, hasa kama mtapanda Marangu au Machame, kwani huko juu baridi inauma. Septemba na Oktoba mimi ndiyo nazipenda: hakuna mvua, hakuna msongamano.

Kuna nyakati mbili za kuwa makini nazo. Kuanzia kama tarehe 20 Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani. Mabasi yanajaa, barabara kutoka Chalinze inajaa, vyumba vinajaa, na bei hazishikiki. Kama hamna kwenu huku, njooni mwezi mwingine. Ya pili ni wikiendi ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ni siku yenye raha, watoto wanashangilia wakimbiaji barabarani na kuna mbio fupi za kilomita 5 za kujifurahisha, ila chumba mkitafute mapema sana.

Tunatoka Dar. Basi, ndege au treni?

Basi ni karibu kilomita 560, na kwa kawaida mnashinda barabarani: mnaondoka Mbezi alfajiri, mnafika alasiri au jioni. Kwa mtoto ni safari ndefu, nisiwadanganye. Haya yamenisaidia:

Kata kiti cha mtoto hata kama kondakta anakubali umpakate. Saa tisa za kumpakata mtoto wa miaka minne, wewe na yeye mtashuka mnachukiana.

Kaeni upande wa kulia. Jua la mchana, ambalo ndilo kali, linapiga kushoto. Na kuanzia Mombo milima ya Usambara, kisha ya Upare, inawafuata kulia karibu njia nzima. Mwanangu wa pili alihesabu milima mpaka akalala.

Kituo cha kula ni kifupi, na basi haliwasubiri. Bebeni chakula chenu, mkifika Korogwe au Mombo muda wote uwe wa choo. Na mtoto mdogo asisubiri basi lisimame watu wachimbe dawa. Bebeni poti ndogo na mifuko. Wengine wataangalia pembeni, wote wamelea.

Kuna basi moja tulipanda ambalo kiyoyozi kilikufa Segera na madirisha yalikuwa hayafunguki. Tangu siku hiyo, kabla ya kulipa nauli nauliza swali moja: dirisha linafunguka?

Ndege ni kama saa moja hadi KIA, uwanja uliopo wilayani Hai kati ya Arusha na Moshi. Mtoto wa chini ya miaka 2 anapakatwa kwa nauli ndogo. Kumbukeni kuhesabu gari la kutoka uwanjani, maana ni mbali na mji.

Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kulala miaka mingi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Si ile ya umeme ya Dodoma. Hii ni reli ya zamani, inakwenda polepole, na mnalala njiani. Haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizeni TRC, shirika la reli, ratiba kabla ya kupanga lolote. Kwa familia isiyo na haraka ni safari nzuri kupita zote, mtoto anaweza kusimama, kutembea na kulala chali. Kwa wikiendi ya siku mbili haiingii.

Na sisi wa Nairobi?

Mnapita Namanga, kisha kilomita 110 hivi hadi Arusha, ndipo mje Moshi. Kama mnatokea Voi na Taveta, mpaka ni Holili na mko karibu zaidi nasi. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na mzazi anayesafiri peke yake abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya mwenzake. Mpakani ndipo watoto wanapotoroka, foleni ikiwa ndefu. Mmoja ashike watoto, mwingine ashike karatasi.

Tulale wapi?

Shanty Town kama mnataka utulivu: miti mikubwa, barabara pana, hakuna kelele usiku. Katikati ya mji kama hamna gari na mnataka kila kitu karibu, ila ulizeni kama jirani kuna baa. Hosteli za makanisa ni safi na tulivu, na nyingi zina uwanja wa majani.

Mkipiga simu msiulize "mna chumba cha familia?" kwa sababu jibu ni ndiyo kila mahali. Ulizeni neti ni ya kitanda gani na haijatoboka, feni inafanya kazi, maji ya moto yapo saa ngapi, na kama jikoni watawapashia uji saa 12 asubuhi. Hilo la uji linatofautisha nyumba na nyumba. Bwawa la kuogelea, ulizeni kina cha upande mfupi. Mengi hapa hayana sehemu ya watoto. Upande unaoitwa mfupi unamfika mtoto wa miaka sita kidevuni.

Mlima tutauona?

Mkiamka. Wageni wengi wanakaa Moshi siku tatu na kuondoka wakisema hawakuuona, na sababu ni kwamba waliutafuta saa 5. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, unatoka alfajiri na, siku ukipenda, unarudi kidogo jioni kabla jua halijazama. Katikati ya hapo mawingu yanaufunika kama mtu aliyevuta shuka.

Na kuamka, mwenzangu, si kazi kwa aliye na mtoto mdogo. Wako atakuamsha saa 11 na nusu bila saa ya mlio. Badala ya kumbembeleza alale tena, mfunge kwa kanga mgongoni, toka nje au panda juu ya paa la hoteli, utazame kaskazini. Kwanza unaona giza tu. Halafu kuna kitu cheupe juu sana, juu kuliko pale ulipokuwa unatazama. Watu wote wanakosea hapo, wanatafuta mlima kwenye usawa wa miti. Inua macho zaidi. Weupe unageuka rangi ya waridi, kisha njano, na kulia kwake Mawenzi, kilele cha pili, inajitokeza nyeusi, yenye meno meno. Mwanangu wa kwanza alipouona vizuri mara ya kwanza, alikuwa na miaka mitatu, alinyamaza muda mrefu kisha akaniuliza ni nani anaishi pale.

Waonyesheni watoto ile barafu. Vipimo vya wanasayansi vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya barafu ya Kibo ilitoweka. Bibi yao aliyekulia Kibosho anasema alipokuwa mtoto weupe ulishuka chini kuliko sasa. Mimi kila nikiutazama na wanangu nasikia uchungu, na ndiyo maana siwaachi walale.

Tunaweza kupanda hata kidogo na mtoto?

Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kisahauni; hifadhi hairuhusu watoto wa chini ya miaka 10 kupita mita 3,700, na ni busara. Mnaweza kufika lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900, mkavuta hewa ya msitu na kuona wapagazi wakipima mizigo. Watoto wanapenda ile mizani. Kuingia ndani ya lango kuna kiingilio cha hifadhi, na kwa mtoto anayetembea dakika kumi na kutaka kubebwa, sioni faida. Msitu ule ule wa mvua na migomba mnauona bure njiani.

Kama ni asubuhi moja tu, twende wapi?

Materuni, kama mtoto anabebeka mgongoni au amefikisha miaka mitano. Ni kijiji cha juu, kama kilomita 15 kutoka mjini. Kuna maporomoko marefu ya maji, zaidi ya mita 70, na njia ya kwenda ni kama dakika arobaini kwa mtu mzima, saa moja na zaidi kwa mwenye mtoto. Ni kupanda na kushuka, kando kando ya migomba na mibuni. Maji ya chini ya maporomoko ni baridi ya kukata. Wavueni viatu waguse tu.

Lakini kwa watoto wadogo raha ya Materuni si maporomoko, ni kahawa. Familia za pale zinawaonyesha wageni kazi yote: kumenya buni, kutwanga, kupepeta kwenye ungo, kukaanga kwenye chungu juu ya kuni, kutwanga tena mpaka unga. Watwangaji wanaimba, na mchi unafuata wimbo. Mwanangu wa pili alipewa mchi akiwa na miaka minne. Mchi ulimzidi urefu. Mama mmoja akasimama nyuma yake, akashika juu, yeye akashika chini, wakatwanga pamoja, na kila mchi ulipotua kinuni alitoa sauti "hu!" kama watu wazima. Alitoka jasho, alinusa mikono yake njia nzima ya kurudi. Kahawa yenyewe hakunywa, tulikunywa sisi. Mkiwa na mtoto wa chini ya miaka minne, ombeni kufanya kahawa peke yake na kuacha maporomoko; wenyeji hawana shida, ni kuwaambia mapema.

Msiotaka kwenda mbali, Msitu wa Rau uko ukingoni mwa mji. Njia ni tambarare, kuna mivule mikubwa ambayo watoto wanne hawawezi kuizunguka kwa mikono, na mkinyamaza mtaona mbega weupe juu ya miti. Vaeni suruali ndefu, mbu wapo.

Chemka je? Picha zake ni nzuri sana.

Ni nzuri, na maji ni kama mnavyoyaona pichani: bluu, maangavu, chini ya mizizi ya mikuyu. Pia si ya moto kama jina "maji moto" linavyosema, ni vuguvugu. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Hakuna upande mfupi. Mtoto akiteleza kwenye ukingo ameingia mahali asipofikia chini, na maji yanaondoka yakielekea mtoni, kuna mkondo. Watu wameshazama pale, watu wazima. Na mtoto akizama hapigi kelele wala hapigi maji kama tunavyoona kwenye sinema. Anazama kimya, mbele ya watu wanaopiga picha.

Kwa hiyo: mtoto wa chini ya miaka mitano, mimi simpeleki. Mkubwa kuliko huyo avae jaketi la kuokolea linalomtosha, lililofungwa hadi mkanda wa kati ya miguu, na mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji naye, umbali wa mkono. Maboya ya kukodi pale pale ni ya kuchezea, hayaokoi. Mtu huyo mzima asiwe amekunywa. Nendeni asubuhi siku ya kazi. Jumapili mchana panajaa watu na muziki, huwezi hata kumwona wako. Na chakula kifunikeni, nyani na tumbili wa pale hawana aibu.

Kama hamna mtu mzima wa kuingia majini na kila mtoto, nendeni bwawa la hoteli hapa mjini. Mengi yanapokea wageni wa nje kwa malipo.

Watoto wanataka kuona wanyama. Tutawahi?

Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa siku moja, mkiondoka Moshi saa 12. Mnakatia njia Usa River. Twiga ni wengi, wako karibu na barabara. Kuna punda milia, nyati, ngiri, mbega, na kwenye maziwa ya Momella flamingo wakiwa msimu. Simba hakuna, waambieni watoto mapema ili wasilie. Mtoto wa chini ya miaka 5 anaingia bila kiingilio. Bebeni kitambulisho cha NIDA ili mlipe bei ya raia, na vyeti vya watoto kuthibitisha umri. Lipeni kwa kadi au namba ya malipo, si kwa fedha taslimu getini.

Lakini hii ndiyo siku nzima. Msitie Materuni humo.

Watoto watakula nini?

Mtori. Ningeweza kuishia hapo. Ndizi mshare zinamenywa, zinachemshwa pamoja na nyama yenye mfupa na kitunguu mpaka zinavurugika, mfupa unatolewa, kisha zinapondwa kwa mwiko hadi ziwe uji mzito. Ndicho chakula anachopewa mama aliyejifungua huku Uchagani, na mtoto wa miezi minane anakimeza bila taabu. Mama ntilie wengi wanao asubuhi; mkichelewa saa 4 mtakuta sufuria tupu. Ombeni wa mtoto usiwe na pilipili, na mwangalie: mtori unapoa juu tu. Unajifunga utando, unaonekana tayari, kumbe chini unachoma. Chota kijiko, kivunje pembeni ya sahani, onja kwa mdomo wako kwanza.

Mkubwa kidogo mpeni machalari (ndizi na nyama) au kiburu (ndizi na maharage). Maparachichi ya huku ni laini, ponda na uma basi. Chipsi mayai ipo kila kona na mtaikimbilia usiku wa kwanza, wala hakuna ubaya.

Bebeni chupa ya chai nzuri isiyovuja na mfuko wa unga wa lishe. Nimezunguka nchi hii na watoto watatu na sijawahi kujuta uzito wa chupa ya chai.

Nasikia maji ya huko yanaharibu meno.

Ni kweli kwamba upande wa Mlima Meru, hasa vijiji vya Arumeru, maji mengi yana madini ya floridi kupita kiasi, na ndiyo yanayotia meno rangi ya kahawia. Lakini yanafanya hivyo kwa mtoto anayeyanywa miaka mingi jino linapoota ndani ya ufizi. Siku mbili hazifanyi kitu. Nunueni ya chupa kwa sababu ya matumbo, si meno, na maziwa ya kopo yachanganyeni kwa maji ya chupa yaliyochemshwa.

Tuje na kigari cha mtoto?

Kiacheni. Pembezoni mwa barabara zetu kuna mitaro, mingine wazi na mirefu, na njia za miguu zinakatika ghafla. Kanga mbili na mbeleko vinatosha. Mkiwa mjini mshikeni mtoto upande wa ndani, mbali na mtaro na bodaboda.

Bajaji inafaa kwa safari fupi. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, na mtoto akae katikati, si mlangoni. Bodaboda na mtoto, hapana, hata kama ni hapo tu. Teksi chache sana zina kiti cha mtoto, kwa hiyo kama mnakodi gari la siku nzima njooni na chenu. Stendi wapiga debe watawavuta mizigo: mmoja abebe mtoto, mwingine mabegi, na namba ya simu iandikeni kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto kabla ya kushuka.

Akiugua?

Hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi, iko katikati ya mji. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa 1971, iko juu, ukipita Shanty Town. Bebeni kadi ya kliniki na ya bima, dawa ya homa ya watoto, ORS na zinki. Mtoto akiharisha mpeni ORS kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika, subirini dakika kumi mwendelee. Akilegea, akikosa machozi au asipokojoa, msingoje asubuhi. Malaria ipo huku pia, hasa upande wa chini kwenye mashamba ya mpunga, kwa hiyo homa ipimwe, isikisiwe.

Tuje na dada wa kazi?

Kama anakuja kupumzika pia, ndiyo. Awe na kitanda chake, ahesabiwe kwenye nauli, kwenye kiingilio na kwenye chakula, na apate jioni moja ya kwenda mjini peke yake. Nimeona familia inakula hotelini na dada amesimama nje na mtoto mgongoni. Kama bajeti haimtoshi, bora abaki nyumbani apumzike.

Mvua ikinyesha siku zote mbili?

Mpigieni dereva kabla ya kutoka. Njia ya Materuni ikilowa, gari dogo halipandi. Asubuhi nendeni Soko la Kati, sehemu ya ndani, mkaangalie mikungu ya ndizi ikishushwa, na muulize majina yake: mshare, kimalindi, ndizi ng'ombe. Nunueni mshare mbichi kumi na nusu kilo ya nyama ya mfupa, mwombe jiko mlipolala, watoto wamenye wenyewe. Ndizi mbichi ina utomvu unaoganda mikononi na kuacha madoa meusi kwenye nguo, kwa hiyo wapakeni mafuta ya kula viganjani kwanza na muwavalishe fulana za zamani.

Na alfajiri ya siku ya kuondoka chunguleni nje hata kama ilinyesha usiku kucha. Mvua ya usiku mara nyingi inasafisha anga, na theluji mpya ikianguka juu, Kibo unakuwa mweupe mpaka mabegani.